Yoga, tafakuri na Ayurveda chini ya paa moja: mfungue nini, muache nini

Swali

Shikamoo mwalimu. Sisi ni watu watano, tumeachiwa nyumba kubwa yenye bustani na ukumbi. Tunataka kuifanya kituo cha jamii, watu waje kwa siku moja hadi siku saba kwa ajili ya yoga, tafakuri na Ayurveda, ile tiba ya jadi ya India. Mmoja wetu ana cheti cha ualimu wa yoga cha saa 200. Mwingine ni mkandaji mzuri wa mafuta na amesoma kozi fupi ya Ayurveda mtandaoni. Huyu anataka tutoe panchakarma, ile tiba ya Ayurveda ya kusafisha mwili, na tuuze dawa za mitishamba, anasema ndiko kwenye pesa ya kuendeshea kituo. Mimi nina wasiwasi. Tufanyeje ili watu watoke kwetu wakiwa na nafuu, si wakiwa wamedhurika au wamedanganywa? Na wanaosema yoga ni ibada ya watu wengine, tuwajibu nini?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Huo wasiwasi usiuzime, utauhitaji hata kituo kikishafunguliwa.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kufundisha mikao ya asubuhi kwenye kambi ya siku tano. Ratiba ilipendeza: kuamka alfajiri, kimya mpaka saa tatu, na siku mbili za mwanzo hakuna chakula ila juisi na supu nyepesi, "mwili ujisafishe". Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, baba mmoja wa makamo alishindwa kuinuka kwenye mkeka. Jasho linamtiririka shingoni, mikono inatetemeka, ukimuuliza jina anakutazama tu. Mwenye kambi akaniwekea mkono begani, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwache, ni sumu zinatoka."

Haikuwa sumu. Sukari ilikuwa imeshuka. Yule baba alikuwa na kisukari, amemeza vidonge vyake kama alivyozoea, na tumboni hana kitu. Aliyemwokoa ni mpishi, ambaye mama yake alikuwa na ugonjwa huohuo. Alikuja mbio na kikombe cha maji ya sukari, akamnywesha kidogo kidogo maadamu bado aliweza kumeza. Baada ya robo saa mgonjwa wetu alikuwa anauliza viatu vyake viko wapi. Jioni niliomba nione fomu yake ya kujiandikisha. Ilikuwa imemuuliza anapenda chai gani. Haikumuuliza anameza dawa gani.

Nimekusimulia kwa sababu ya ile sentensi ya mwenye kambi, "ni sumu zinatoka". Utaikuta katika vyumba vyote vitatu mnavyotaka kufungua. Kwenye Ayurveda mtu akiharisha siku ya tatu mfululizo, sumu zinatoka. Kwenye tafakuri mtu akilia usiku kucha, hisia zilizofungwa zinafunguka. Kwenye yoga msuli wa nyuma ya paja ukichanika, mwili unafunguka. Kituo ambacho kila dalili mbaya imeshaandaliwa tafsiri nzuri hakiwezi kujua kimekosea. Kwa hiyo nitakayokuambia hapa chini mengi yanalenga jambo moja tu: muweze kuona mambo yanapoharibika, na muweze kusimama.

Kazi ya kwanza basi si kununua mikeka. Ni kuandika fomu ya ukurasa mmoja, na kumteua mtu wa kuisoma. Nasema mtu wa kuisoma kwa sababu nimeona majalada yenye fomu zilizojazwa vizuri ambazo hakuna aliyezifungua. Ulizeni: unameza dawa gani, na saa ngapi? Una mimba, au umejifungua karibuni? Una presha, kisukari, kifafa, ugonjwa wa moyo, tatizo la macho au la mifupa? Umewahi kutibiwa au kulazwa kwa ajili ya afya ya akili? Kuna msiba au jambo zito lililokupata miezi hii? Nani tumpigie simu ukizidiwa? Kisha mmoja wenu ampigie mgeni simu kabla hajafika, waongee hata dakika kumi. Watu huandika "sina ugonjwa wowote", halafu kwenye simu wanakwambia, "ila kuna kidonge kimoja cha presha nakunywa, lakini si ugonjwa huo." Sentensi hiyo ndiyo mliyoipigia simu. Fomu zikae kwenye kabati lenye kufuli, wala zisisomwe na kila anayepita ofisini.

Na liwepo katazo moja lisilo na mjadala: hakuna yeyote kati yenu anayemwambia mgeni aache au apunguze dawa aliyoandikiwa na daktari wake. Wala kwa utani, wala kwa kuguna anapoitaja. Kufunga kula nako msikuweke kwenye ratiba ya watu wote. Anayetaka kupumzisha tumbo achague mwenyewe, baada ya kuzungumza na anayemtibu, na jiko liendelee kupika kama kawaida.

Sasa nije kwa mwenzenu wa panchakarma, maana hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kote. Jina lenyewe maana yake ni matendo matano. Ni kumtapisha mtu, kumharisha, kumwingizia dawa au mafuta kwa njia ya haja kubwa, kumtilia dawa puani, na katika hesabu ya Sushruta, mwandishi wa kale wa tiba hii, kumtoa damu. Kabla ya hapo kuna siku za kumnywesha samli na kumtoa jasho, na baada yake kuna siku za kumrudisha kwenye chakula hatua kwa hatua. Haya si mapumziko, ni tiba nzito. Mwili unapoteza maji na chumvi, na mwenye moyo dhaifu au figo mbovu anaweza kupata shida kubwa. Kule India kwenyewe daktari wa Ayurveda anasoma shahada ya miaka mitano na nusu, mwaka mmoja ukiwa wa mazoezi ya vitendo chini ya usimamizi. Hata Charaka Samhita, maandishi ya kale ambayo fani hii inayategemea, ina orodha ndefu ya watu wasiofaa kutapishwa wala kuharishwa, waliodhoofika na wajawazito wakiwemo. Wazee wale walikuwa waangalifu kuliko matangazo ya siku hizi. Kwa kozi fupi ya mtandaoni, jibu langu ni hapana. Msiifanye, na wala msitumie hilo jina kwenye bango kwa kumaanisha masaji na chai. Anayelijua atawadai kitu msichonacho, na asiyelijua mtakuwa mmemdanganya.

Dawa za kuuza nazo nasema hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni yaliyomo kwenye chupa. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la JAMA matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye maduka ya eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikuwa na metali zenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakarudia kwa dawa 193 zilizouzwa kwenye intaneti, na tena ikawa kama moja katika kila tano. Zile zilizotengenezwa Marekani hazikuwa safi kuliko za India. Wakati mwingine ni uchafuzi wa udongo au wa kiwandani, lakini mara nyingine si bahati mbaya hata kidogo. Kuna tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra ambalo hutia metali kwenye dawa kwa makusudi, baada ya kuichoma na kuisaga iwe majivu yaitwayo bhasma. Wenye fani wanaamini uchomaji huo unaondoa ukali. Hata hivyo risasi ikishaingia mwilini hujificha kwenye mifupa miaka mingi, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Nyinyi hamna maabara. Mtaitambuaje chupa iliyo salama, kwa lebo?

Hata mmea mtupu usio na metali una nguvu zake. Ashwagandha, ambayo siku hizi inauzwa kama pipi kwa ajili ya usingizi na msongo wa mawazo, imetajwa kwenye ripoti za madaktari kuhusu watu walioumia ini, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Inaweza pia kuvuruga dawa za tezi ya thairoidi na kuzidisha usingizi wa dawa za kutuliza. Mtu hakudanganyi anaposema ni kitu cha asili. Ni kweli cha asili, na ini nalo ni la asili.

Sababu ya pili ni pesa yenyewe. Anayempima mgeni asubuhi na kumwambia vata yake, moja ya tabia tatu za mwili katika Ayurveda, imezidi asiwe ndiye anayemuuzia chupa jioni. Hata akiwa mwaminifu kiasi gani, baada ya mwezi mmoja mgumu wa kodi na umeme, vata za watu zitaanza kuzidi kidogo kidogo.

Usidhani nimewafungia mlango wa Ayurveda. Kilichobaki ni kingi, na kwa maoni yangu ndicho kitamu. Ipo dinacharya, yaani utaratibu wa siku: kuamka na kulala saa zilezile, kula mlo mkubwa mchana jua likiwa juu, kula chakula cha moto kilichopikwa siku hiyohiyo, kula umekaa bila simu mkononi, kujipaka mafuta mwili mzima kabla ya kuoga. Mgeni anaweza kwenda nayo nyumbani bila kulipa tena. Tabia hizo tatu za mwili, ziitwazo dosha, yaani vata, pitta na kapha, zitumieni kama lugha ya kuzungumzia tabia ya mtu: nani hukosa usingizi akichoka, nani hukasirika akikosa mlo. Zisitumike kutaja ugonjwa. Na mkimpata daktari wa Ayurveda mwenye shahada halali na kibali cha kutibu katika nchi yenu, mwalikeni atoe darasa, kisha yeye ajibebee leseni yake na majukumu yake.

Mkandaji wenu mwacheni akande, ila apewe mipaka. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma haukandwi kabisa, kwani huenda kuna damu iliyoganda, na mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mwenye homa haguswi. Mjamzito, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, na aliye kwenye matibabu ya saratani, hao daktari wao aseme kwanza. Ulizeni kuhusu mzio, maana wapo wanaovimba kwa mafuta ya ufuta. Mgeni ajue mapema sehemu gani zitaguswa, afunikwe shuka, achague mkandaji mwanamume au mwanamke, na kama anataka mtu wa tatu chumbani, awepo. Kuosha pua kwa kibuli cha neti, kile cha kumiminia maji puani, kufanyike kwa maji yaliyochemshwa yakapozwa, au yaliyogeuzwa mvuke kisha yakakusanywa. Mwaka 2011 huko Louisiana watu wawili walikufa kwa amiba wa ubongo aitwaye Naegleria fowleri baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Maji hayohayo ukiyanywa hayakupi ugonjwa huo. Puani ndiko njia.

Na taulo! Hili hakuna anayeliwaza. Taulo zilizolowa mafuta, zikafuliwa nusu nusu, zikatoka kwenye mashine ya kukaushia zikiwa za moto na kukunjwa rundo moja, zinaweza kujipasha zenyewe mpaka zikawaka moto usiku wakati watu wamelala. Zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha, zianikwe zipoe kabisa ndipo zikunjwe.

Yoga nitaipitia upesi, kwa kuwa mwalimu mnaye. Saa 200 ukizigawa kwa wiki ya kazi ya saa 40 ni wiki tano. Zinatosha kuongoza darasa la watu wenye afya ya kawaida. Hazitoshi kutibu, hata kama jina la mwalimu limo kwenye orodha ya Yoga Alliance, ambayo ni daftari la usajili, si leseni ya tiba. Darasa la jamii halihitaji kusimama kwa kichwa wala kubinua miguu nyuma ya kichwa, shingo hulipia sana huko. Mwenye glakoma asikae kichwa chini kabisa, kwani presha ndani ya jicho hupanda. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu asikunje mgongo mbele kwa kulazimisha. Wekeni viti kwa wasioweza kukaa chini. Kuhusu kugusa, tengenezeni vipande vya mbao vyenye pande mbili, upande mmoja "naomba usaidizi", upande wa pili "usiniguse", kila mtu akiweke mbele ya mkeka wake na aweze kukigeuza katikati ya darasa bila kueleza. Nimeona darasa ambalo siku ya kwanza vipande vingi vilisema usiniguse. Kabla ya hapo mwalimu wao alikuwa akiwagusa wote.

Kwenye tangazo semeni kinachojulikana. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani ya mwili cha Marekani, American College of Physicians, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kwanza kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Hilo linatosha kuwa habari njema. Mkiandika kwamba inaponya saratani, mtakuwa mmemwita mgonjwa aache tiba.

Tafakuri inaonekana ndiyo isiyo na madhara, maana mtu amekaa tu kafumba macho. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuwahoji Wabuddha wa nchi za Magharibi wanaotafakari, na wakapanga aina 59 za mambo magumu yaliyowapata: hofu, kukosa usingizi, kujihisi kama si wewe, na mengine. Mapitio ya tafiti 83 yaliyotoka mwaka 2020 yalikadiria kwamba yapata watu 8 katika kila 100 walipata athari isiyopendeza, wasiwasi na huzuni zikiongoza. Wengi hupita salama. Lakini nyinyi mtakuwa na watu wanaolala hapohapo, mbali na wanaowajua, na nyuso zao mtazizoea kwa siku tatu tu.

Kwa hiyo kueni polepole. Programu ya tafakuri aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts inachukua wiki nane, mtu akiwa analala nyumbani kwake, na ndiyo imechunguzwa sana. Kozi za vipassana, aina ya tafakuri ya Kibuddha, za mapokeo ya mwalimu S. N. Goenka ni siku 10, karibu zote za ukimya, na karibu saa 10 za kukaa kila siku. Nyinyi anzeni na nusu siku, dakika 15 kwa 15, katikati mkitembea bustanini. Siku saba za kimya ziacheni mpaka mtakapokuwa na mwalimu aliyeshazipitia na kuziongoza, na mtaalamu wa afya ya akili anayepokea simu yenu usiku. Aliyewahi kuugua akili kwa kuona au kusikia visivyokuwepo, aliyefiwa juzi, anayewaza kujiua, hao kambi ya ukimya si mahali pao kwa sasa, na kumwambia mtu hivyo kwenye simu ni heshima kubwa kuliko kumpokea.

Dalili ya kwanza ya kuangalia ni usingizi. Mgeni akikesha usiku mmoja, muulizeni. Akikesha wa pili huku anasema amejaa nguvu na ameelewa siri ya ulimwengu, msimpongeze. Mtoeni kwenye kukaa, afungue macho, avae viatu, atembee, ale chakula kizito, azungumze mambo ya kawaida, mpigieni mtu wake, na asipotulia apelekwe kwa daktari. Simu zikikusanywa ziwekwe mahali ambapo mwenyewe anaweza kwenda kuichukua bila kuomba. Geti lisifungwe kwa anayetaka kuondoka, na arudishiwe pesa ya siku zilizobaki. Ukimya wa hiari una mlango.

Pesa, basi, itoke wapi? Kina Goenka hawatozi ada kabisa, na hupokea mchango kwa mtu aliyekwisha kumaliza angalau kozi moja, si kwa mwingine, ili anayetoa ajue anatolea nini. Ni njia ngumu kwa kituo kipya. Ninyi mnaweza kuweka viwango vitatu, kila mtu achague bila kuulizwa, na nafasi chache za bure zijazwe na majirani kabla ya wageni wa mbali. Ukumbi ukodishwe siku ambazo hamna kambi. Mtakwenda polepole kuliko mwenye kuuza chupa, hilo sikufichi. Vibali vya malazi, chakula, masaji na bima fuatilieni kwa sheria za nchi yenu kabla ya mgeni wa kwanza, na angalau wawili kati yenu wasomee huduma ya kwanza. Wekeni ukutani njia ya kwenda hospitali ya karibu na jina la dereva wa zamu.

Malalamiko yapelekwe kwa mtu asiye mmoja wenu watano na asiye mwanafunzi wa mwalimu yeyote wa hapo, na jina lake na simu yake viwe kwenye karatasi anayopewa kila mgeni. Walimu wakubwa wa yoga duniani wamewahi kushtakiwa na wanafunzi wao wenyewe kwa kuwashika vibaya, na wengi wa wanafunzi hao walikaa kimya miaka mingi kwa sababu pa kusemea palikuwa kwa mwalimu.

Kuhusu ibada, jibuni ukweli wote. Yoga imetoka ndani ya dini za India, Wahindu, Wabuddha na Wajaini wote wana sehemu yao, na katika sutra za Patanjali, maandishi ya kale ya yoga, mkao ni kipengele kimoja tu kati ya vinane. Ni kweli pia kwamba mikao mingi inayofundishwa leo ilisambazwa katika karne ya 20 na watu kama Krishnamacharya wa Mysore na wanafunzi wake, kwa sura inayokaribia mazoezi ya viungo. Msimwambie mtu "ni mazoezi tu" kisha akifika akakuta sanamu, ubani na mantra za Kisanskriti. Andikeni kwenye ratiba, darasa kwa darasa: hapa kuna kuimba om, hapa hakuna. Mwenye dini yake achague akijua, na anayenyamaza wengine wakiimba asitazamwe. Wapo watakaosoma ratiba hiyo na kuamua wasije, na hao msiwafuate kuwabembeleza.

Ile fomu mkishaiandika nitumie kabla ya kuipeleka kwa mchapaji. Nikikuta swali la dawa limewekwa chini kabisa ya ukurasa wa pili, nitairudisha.